Dalziel husomwa Di-el: mwongozo kamili wa kufuatilia jina adimu la ukoo la Kiskoti

Andika Dalziel kwenye karatasi, kisha mpe mtu wa Tanga au Nairobi asome. Atasema "Dalizieli", na wala humlaumu, kwa kuwa amesoma kilichoandikwa. Mwenye jina mwenyewe atatabasamu tu, kwani amekwishazoea. Jina lake hutamkwa Di-el, mkazo ukiwa mwishoni, na ile z ya katikati haikutamkwa na mababu zake hata siku moja.

Uskoti imejaa akina Smith, Brown, Campbell na Stewart. Akina Dalziel si wengi, na uchache huo una faida yake. Kumtafuta John Smith wa Glasgow ni sawa na kutafuta punje fulani ya mchele ndani ya gunia la mchele. Dalziel ukimkuta mahali, walau unajua umemkuta mtu wa kufaa kuulizwa habari zake. Taabu iko kwingine: makarani wameliandika jina hili kwa namna nyingi kiasi kwamba baba anaweza kuwa Dalziel, mwanawe Dalzell, na mjukuu Dalyell, wote wakiwa wamelala kaburi moja.

Nimeandika hatua hizi kwa aliyerithi jina hili kwa bibi au babu, kwa aliyelikuta kwenye cheti cha zamani, na kwa mpenda majina tu. Ukiwa unatafuta Menzies, Colquhoun au Urquhart, hatua ni zilezile. Badilisha jina, uendelee.

Hatua ya 1: Lisikie jina kabla ya kulitafuta

Wengi huruka hatua hii, halafu hulipia makosa yao. Mimi nililipia: niliandika Dalziel kwenye kisanduku cha kutafutia, nikafungua kurasa saba za watu wasionihusu, na familia niliyoitaka ilikuwa imeandikwa Dalyell siku zote.

Asili ya vurugu hii ni herufi moja. Waandishi wa Kiskoti wa zamani walikuwa na herufi iitwayo yoghi, iliyochorwa ȝ, mfano wa namba 3 iliyoshuka chini ya mstari. Ilibeba sauti iliyo karibu na y yetu. Dalȝell ilisomwa "Dal-yel", na baadaye midomo ikaifupisha kuwa Di-el. Uchapaji ulipofika Edinburgh mwaka 1508, herufi za chuma zilizotumika hazikuwa na yoghi. Mchapaji alitazama kasha lake, akaona herufi inayofanana nayo kwa umbo ni z, akaiweka. Macho ya wasomaji wa kwanza yalijua cha kufanya. Wajukuu wao waliona z tu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Waandishi wa Lamu na Mombasa waliotunga tenzi kwa hati ya Kiarabu walikabiliwa na mkasa huohuo: Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v. Wengi waliandika ba mahali pa p, na pengine mahali pa mb pia, wakimwachia msomaji ajue kwa muktadha. Asiyejua Kiswahili akisoma miswada ile herufi kwa herufi, atatoka na lugha ambayo haikusemwa na mtu yeyote. Anayesoma Dalziel kwa z ni msomaji wa namna hiyo.

Jina hili haliko peke yake. Menzies kwa Waskoti wa kale ni "Mingis". Kasri la Culzean lililo pwani ya Ayrshire huitwa "Kaleen". Mackenzie nalo lilikuwa na sauti ya y au ng, ila maandishi yamelishinda, na leo hata Waskoti wenyewe hutamka z. Dalziel limekataa kushindwa, angalau kwao. Huko Marekani hali ni tofauti: tahajia ya Dalzell mara nyingi husomwa kama ilivyoandikwa, z na yote. Kwa hiyo ukizungumza na ndugu wa Pennsylvania na ndugu wa Lanarkshire, usishangae wakikuambia hawana jina moja.

Sasa kaa chini uandike orodha yako. Anza na Dalziel, Dalzell, Dalyell, Dalzel, Dalyel. Ongeza zile zinazofuata sikio: Deyell, linalopatikana hasa visiwa vya Shetland, na Diell au Dyell kwa karani aliyeandika alichosikia. Orodha hii ibandike mbele yako. Utaitumia katika kila hatua.

Hatua ya 2: Tafuta shamba, maana jina ni la ardhi

Majina ya ukoo ya Uskoti yana vyanzo kadhaa. Yapo ya baba, kama MacDonald, mwana wa Donald. Yapo ya kazi na yapo ya sura ya mtu. Dalziel ni la mahali. Asili yake ni ardhi ya Dalziel, kando ya mto Clyde katika Lanarkshire, pale ulipo mji wa Motherwell leo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya Kigaeli: dail, uwanda wa kando ya mto, na geal, nyeupe. Zikiungana, g hulainika na kuwa gh, na gh ya mahali hapo Wagaeli huitamka karibu sawa na y. Sema mwenyewe kwa haraka: dal-yel. Sauti ya yoghi ilikuwa ndani ya jina tangu mwanzo, na karani wa kwanza alisikia vizuri.

Kwa hiyo maana ni "uwanda mweupe". Kwa nini mweupe? Huenda maua, huenda mchanga wa mafuriko, huenda umande. Kila mtu ana lake.

Fanya hivi. Fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambayo ni bure, utafute Motherwell. Weka ramani za upimaji za katikati ya karne ya 19 juu ya picha ya satelaiti ya leo. Utaona nyumba ya Dalzell imesimama juu ya bonde la kijito, na chini yake uwanda ukishuka hadi Clyde. Sehemu ya uwanda huo leo ni hifadhi ya ndege iitwayo Baron's Haugh, na haugh kwa Kiskoti ni kitu kilekile ambacho Wagaeli walikiita dail. Lugha ilibadilika, mabondeni maji yakaendelea kupita.

Kisha fungua tovuti ya ScotlandsPlaces, usome vitabu vya majina vya wapima ramani. Wapimaji waliingia kila parokia wakauliza jina la kila shamba, wakaandika tahajia zote walizopewa pamoja na nani aliyewapa: mchungaji, mwalimu, mwenye shamba. Ni hazina ambayo watu wengi hawajui ipo.

Cha tatu, soma maelezo ya parokia. Katika miaka ya 1790 Sir John Sinclair aliwaandikia wachungaji wa parokia zote za Uskoti, zaidi ya 900, akitaka kila mmoja aeleze parokia yake: watu wangapi, wanalima nini, bei ya kuku, jina limetoka wapi. Dalziel ilikuwa parokia kamili. Duru ya pili ilikuja kati ya 1834 na 1845. Ukisoma mbili hizo kwa kufuatana unaona nchi ya mashamba ikiingia moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 David Colville alijenga kiwanda cha chuma hapo Motherwell, nacho kikaitwa Dalzell. Jina la uwanda mweupe likapigwa muhuri kwenye mabamba ya chuma cha meli.

Kabla ya kuendelea, jambo moja la kuweka akilini. Jina la mahali halithibitishi undugu na bwana wa mahali. Mtu aliyehama Dalziel akaenda Lanark angeweza kuitwa "wa Dalziel" kwa sababu tu ndiko alikotoka. Mpangaji angeweza kuchukua jina la mwenye ardhi. Kina sisi tunaojua watu wanaoitwa Mtanga au Mnyasa bila kuwa na ukoo mmoja tunalielewa hili haraka.

(Ukiwa na ramani wazi, sogeza jicho kidogo kuelekea kaskazini-magharibi, ukifuata Clyde. Hapo ni Blantyre, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813 na alikofanya kazi kiwandani cha pamba akiwa mtoto. Jina ambalo limekuwa la ubatizo kwa wanaume wengi wa Tanzania, Kenya na Malawi lina kisa chake: babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, na akina Livingstone wengi wa upande ule wa magharibi walikuwa na jina la Kigaeli kabla ya kuchukua hili. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.)

Hatua ya 3: Anzia kwako, rudi nyuma

Usianze na mabwana wa Dalzell wa mwaka 1288, ambao tutawafikia katika Hatua ya 6. Anza na mtu unayemjua. Wahoji wazee, piga picha mgongo wa kila picha ya zamani, soma kurasa za mwanzo za Biblia ya familia, na uandike kila jina pamoja na mahali ulipolitoa. Hatua fupi, lakini asiyeifanya huishia kujiunganisha na jenerali asiyemhusu.

Hatua ya 4: Vyeti vya kuanzia 1855

Hapa ndipo Uskoti inapong'aa. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vyake vina habari nyingi kuliko vya England. Cheti cha ndoa hutaja baba na mama wa pande zote mbili, pamoja na jina la ukoo la kuzaliwa la kila mama. Cheti cha kifo nacho hutaja wazazi wa marehemu. Maana yake mtu aliyefariki mwaka 1860 akiwa na miaka 80 anakupeleka kwa wazazi waliokuwa hai miaka ya 1780, kwa karatasi moja.

Vyeti vya mwaka 1855 wenyewe ni dhahabu. Cha kuzaliwa kilitaka umri wa wazazi, walikozaliwa, lini na wapi walioana, na watoto wengine waliokwisha kuwa nao. Wasajili walilemewa, na mwaka uliofuata mambo mengi yakaondolewa. Tarehe ya ndoa ya wazazi ilirudishwa mwaka 1861. Kwa hiyo kama mzee wako ana ndugu kumi, mtafute yule aliyezaliwa, kuoa au kufa mwaka 1855, hata kama si wa mstari wako.

Nyaraka hizi ziko kwenye tovuti ya serikali iitwayo ScotlandsPeople. Kutafuta kwenye faharasa ni bure ukishajisajili. Kufungua picha ya ukurasa kunahitaji krediti za kununua. Picha zinazofunguka mtandaoni ni za vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya 75, na vifo vya zaidi ya 50. Za karibu zaidi huagizwa kwa nakala.

Sasa orodha yako ya tahajia inaanza kazi. Tovuti inakubali alama ya nyota badala ya herufi zozote. Andika Dal*l utapata Dalziel, Dalzell, Dalyell na Dalzel kwa mkupuo mmoja, na akina Dall watakufuata bila kualikwa, wapuuze. Deyell haingii humo, mtafute peke yake, au jaribu D*ell. Usitegemee utafutaji wa sauti unaotumia mfumo wa Soundex, unaogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu, maana mfumo huo unaamini z. Dalziel huwa D424, Dalyell huwa D440, na Deyell huwa D400. Familia moja, vyumba vitatu, na milango imefungwa kati yao.

Tahadhari kuhusu wanawake. Mskoti aliyeolewa hakupoteza jina lake la kuzaliwa mbele ya sheria, na nyaraka nyingi humtaja kwa yote mawili. Bibi aliyezaliwa Dalziel akaolewa na Brown anaweza kupatikana kwenye kifo chake kwa jina lolote kati ya hayo. Ukimkosa kwenye Brown, usikate tamaa.

Pamoja na vyeti, soma sensa. Ya 1841 ndiyo ya kwanza inayotaja watu wote kwa majina, na zinafuata kila baada ya miaka kumi. Katika hiyo ya 1841, umri wa watu wa zaidi ya miaka 15 ulipunguzwa hadi tano iliyo chini yake, hivyo aliyeandikwa 35 anaweza kuwa na 39. Kuanzia 1851 utaona parokia aliyozaliwa kila mtu. Hilo ndilo unalolitafuta: neno "Dalziel" linaweza kutokea mara mbili katika mstari mmoja, kama jina la mtu na kama jina la parokia aliyozaliwa, na moyo ukakudunda. Tulia. Inaweza kuwa bahati tu.

Hatua ya 5: Madaftari ya parokia kabla ya 1855

Kabla ya usajili wa serikali kulikuwa na madaftari ya Kanisa la Uskoti. La zamani kuliko yote ni la Errol, Perthshire, la 1553, lakini parokia nyingi zilianza baadaye sana na zina mapengo. Tofauti na vyeti, hapa ni ubatizo, si kuzaliwa, na ni matangazo ya ndoa, si lazima ndoa yenyewe. Mazishi hayakuandikwa kila mahali.

Ukikosa mtu, kuna sababu za kawaida. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza peni tatu kwa kila ingizo, na maskini wengi wakaona heri wasiandikishe. Mwaka 1733 kundi la wachungaji lilijitenga na kanisa la taifa, na mwaka 1843 ukatokea mpasuko mkubwa zaidi. Watoto wa waliojitenga wako kwenye vitabu vingine. Jaribu kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, ambazo nazo zimepigwa picha. Wazee wale walichunguza maisha ya watu kwa bidii ya kutisha. Msichana aliyezaa nje ya ndoa aliitwa, akahojiwa, na jina la baba likaandikwa. Kilichokuwa aibu yake kimekuwa ushahidi pekee wa nasaba kwa watu wengi walio hai.

Panapokuwa na mababu wawili wenye jina moja, na watakuwepo, tumia desturi ya kurithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe. Mkikuyu yeyote atasema hao wawili wa kwanza ni wa kwao. Kwa mabinti mpangilio unageuka: Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba, Waskoti walianza na mama wa mama. Si sheria, ni mazoea, na familia zilikiuka zilipotaka. Lakini ukiona Robert Dalziel ana binti wa kwanza Grizel, basi kabla ya kufanya lolote mtafute Grizel kwa upande wa mama mzazi wa mtoto.

Waliokuwa na mali wana nyaraka zaidi. Wosia zilizopo zinaanzia 1513, na daftari la taifa la uhamisho wa ardhi lilianza 1617. Usidhani wosia ni za matajiri tu. Mfumaji aliyekufa akidaiwa na wauza uzi naye aliacha karatasi.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo waje mabwana, majenerali na hadithi

Ukifika hapa umejipatia haki ya kusoma habari kubwa bila kudanganyika.

Jina linaonekana kwenye nyaraka katika karne ya 13. Hugo wa Dalzell alikuwa msimamizi wa sheria wa Lanark mwaka 1288, na mwaka 1296 Thomas wa jina hilo yumo katika orodha ya Waskoti waliolazimishwa kumwapia utii Mfalme Edward wa Kwanza wa England. Mwaka 1639 Sir Robert Dalzell akafanywa Earl wa Carnwath. Katikati ya karne hiyo ardhi ya asili ikaingia mikononi mwa akina Hamilton, kwa hiyo kwa muda mrefu nyumba ya Dalzell haikuwa na Dalzell ndani. Cheo nacho kilinyang'anywa mwaka 1716, baada ya Earl wa tano kuunga mkono uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, kikarudishwa 1826, na mwaka 1941 kikakosa mrithi.

Tawi lenye vituko zaidi ni la The Binns, karibu na Linlithgow. Lilianza na mfanyabiashara wa siagi wa Edinburgh, Thomas Dalyell, aliyeinunua ardhi hiyo mwaka 1612. Mwanawe, Tam, alizaliwa 1615. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa mwaka 1649, Tam hakunyoa ndevu tena. Alitekwa vita vya Worcester mwaka 1651, akatoroka Mnara wa London, akaenda kumpigania mfalme wa Urusi, akarudi Uskoti, na Novemba 1666 akawavunja Waprotestanti waasi pale Rullion Green kwa ukatili uliompa jina la Tam wa Damu. Mwaka 1681 akaunda kikosi cha farasi kilichokuja kujulikana kama Scots Greys. Waliomchukia walisema alikuwa akicheza karata na shetani, na shetani alipozidiwa akamrushia meza ikatua kwenye kidimbwi. Meza ipo. Huoneshwa wageni hadi leo.

Kuna hadithi nyingine kongwe zaidi. Mfalme Kenneth wa Pili, karne ya 10, alitoa zawadi kwa atakayethubutu kuuondoa mwili wa kipenzi chake ulionyongwa na maadui. Akajitokeza mmoja akasema "Dal zell", yaani nathubutu. Ndiyo sababu, wasema, ngao ya ukoo ina mtu aliye uchi kwenye uwanja mweusi, na kauli yake ni "Nathubutu". Kisa kitamu. Ila Kigaeli hakina maneno hayo kwa maana hiyo, na kama tulivyoona, jina lina maelezo yake ya kutosha mtoni. Naamini ngao ilikuja kwanza, watu wakaulizana mtu huyu uchi anafanya nini, na hadithi ikazaliwa kujibu. Iandike kwenye faili lako, chini ya kichwa "hadithi".

Kuhusu ngao yenyewe: usinunue kikombe chenye "nembo ya familia ya Dalziel" ukadhani umepata urithi. Kwa sheria ya Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja aliyesajiliwa, wala si ya kila mwenye jina. Msimamizi ni Lord Lyon huko Edinburgh, ambaye ana mahakama yake na daftari lililoanzishwa kwa sheria ya 1672. Kitambaa cha mirabaraba ni huru zaidi. Kuna rejista ya serikali ya tartani, ambapo unaweza kutafuta bila malipo na kuona kila muundo uliandikwa lini. Nyingi ni changa kuliko wenye kuzivaa wanavyodhani.

Hatua ya 7: Usichanganye jina na damu

Tam Dalyell mwingine, mbunge wa chama cha Labour tangu 1962 hadi 2005, ndiye aliyeuliza kwa ukaidi kwa nini, Uskoti ikipewa bunge lake, wabunge wa Uskoti walioko London waendelee kupiga kura juu ya mambo ya England ilhali wa England hawangeweza kupiga juu ya yale ya Uskoti. Hoja hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la jimbo lake, West Lothian. Alizaliwa 1932 akiwa Loch. Baba yake, Gordon Loch, alikuwa ofisa wa Uingereza katika Ghuba, akikaa Bahrain miaka ya 1930; mama yake, Eleanor, ndiye aliyekuwa Dalyell, mrithi wa The Binns. Mwaka 1938 familia ikachukua jina la mama. Mtu angefanya kipimo cha vinasaba cha mstari wa kiume kwa mbunge huyo angepata akina Loch, na jina lingesema Dalyell. Kipimo hicho kitumie baada ya karatasi, na kwa swali maalumu.

Upo upande mwingine wa jambo hili, mzito zaidi. Ndugu wawili wa Kirkliston walioandika jina lao Dalzel walienda njia mbili: Andrew akawa profesa wa Kigiriki Chuo Kikuu cha Edinburgh, na Archibald akawa mfanyabiashara wa watumwa, kisha gavana wa ngome ya Cape Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1790. Majina ya Kiskoti yamejaa Jamaika na Guyana, na wengi walio nayo huko hawakuyapata kwa hiari ya mababu zao. Ukifuatilia Dalzell mweusi wa Karibi, fungua hifadhidata ya chuo cha University College London (UCL), inayoorodhesha wamiliki waliolipwa fidia ya pauni milioni 20 baada ya sheria ya 1833. Waliofidiwa ni wenye watumwa. Watumwa hawakupewa kitu. Humo utapata mashamba, na mashamba yatakupeleka kwenye orodha za watumwa, walioandikwa mara nyingi kwa jina moja tu, bila la ukoo.

Kwa wale ambao jina limewafikia Afrika Mashariki kupitia askari, mlowezi au mmisionari, anzeni na tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kwa waliokufa vitani, kisha magazeti ya serikali ya Kenya ya wakati wa ukoloni, ambayo yamewekwa mtandaoni na yana matangazo ya mirathi. Mtoto ambaye baba hakumkiri mara nyingi haonekani kwenye cheti, lakini wosia umewahi kumtaja aliyefichwa.

Hatua ya 8: Namna ya kuandika ulichokipata

Kila mtu mpe ukurasa wake. Juu andika tahajia moja utakayoitumia wewe kwa utaratibu, tuseme Dalziel. Chini yake andika kila tahajia kama ilivyo kwenye kila hati, na mwaka wake, bila kuisahihisha. Usimrekebishe karani. Tahajia aliyoichagua wakati mwingine ndiyo inayokuonesha alikuwa Lanarkshire au Shetland, na kama mtoa habari alijua kusoma.

Palipo na pengo, acha pengo lionekane. Kisha andika pembeni tarehe ya kurudi. Sensa ya 1921 ya Uskoti ilifunguliwa mwishoni mwa 2022. Ile ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, lakini ya Uskoti ilihifadhiwa kwingine na ipo. Itafunguliwa ikishatimiza miaka 100. Ukiwa na bibi aliyezaliwa Motherwell mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko ndiko atakakokuwa, akiwa mtoto wa shule, na karani ameandika jina lake kwa namna anayoijua yeye.